Viatu Mlangoni

Mwaka 2023 nilimtembelea dada yangu mjini Cape Coral, jimbo la Florida, Marekani. Mji huo ulianzishwa mwaka 1957: ilichimbwa mifereji, na udongo wake ukainua viwanja. Leo mifereji hiyo yapata kilomita 640.

Jioni tuliketi ukingoni, samaki wakiruka. Nilimwonea wivu. Ndipo akanionyesha ukutani alama ya maji ya kimbunga Ian, cha tarehe 28 Septemba 2022. Ilipita magoti yangu.

“Amri ya kuhama ilipotolewa, nilitaka kubaki nilinde samani,” alisema. “Nikamwona mwanangu amekwisha kuvaa viatu, amesimama mlangoni. Niliona haya, tukaondoka.”

Samani zote ziliharibika. Mtoto yu hai, na hata sasa huviweka viatu vyake mlangoni kila alalapo.