Kabla Hujatuma Hela ya Turbo

Huku Coventry fundi hashiki spana mpaka mmeelewana kwanza juu ya pesa ya kupima. Anakueleza wazi kwamba saa moja ya uchunguzi ni kiasi fulani, na ugonjwa ukishajulikana una hiari ya kutengeneza hapo au kuondoka na gari lako. Gereji za mtaani mara nyingi hutoza kati ya pauni 50 na 100 kwa saa, na hiyo saa utailipia hata kama hakuna skrubu iliyobadilishwa. Mtu aliyefika juzi kutoka nyumbani hili humkera sana. Amlipe mwanamume mzima kwa kuangalia tu?

Dar es Salaam kuangalia ni bure. Unapeleka gari Gerezani, boneti inafunguliwa, kijana anaambiwa akanyage mafuta, fundi mkuu anasikiliza mluzi, anazunguka nyuma kutazama moshi, na soda yako haijafika nusu hukumu imeshatoka: "Bosi, turbo imekwisha." Inatajwa bei ya spea na bei ya kufunga. Bei ya kupima haitajwi kwa sababu haipo.

Wenzangu wa ughaibuni hupenda kusema tofauti ni vifaa. Siafiki. Mashine za kusoma hitilafu zimejaa Dar es Salaam na Nairobi, na kuna vidude vya bei ndogo vinavyozungumza na simu ya mkononi. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba huku fundi analipwa kwa kufikiri, na kwetu analipwa kwa kufungua na kufunga. Usipomlipa mtu afikiri, atakisia. Na kwenye turbo, kukisia ni ghali kuliko karibu kila mahali pengine kwenye gari la dizeli.

Turbo yenyewe si kitu kigeni. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza yake mwaka 1905, na dizeli za abiria zenye turbo zilianza kuonekana barabarani mwishoni mwa miaka ya 1970. Hewa chafu inayotoka kwenye injini inazungusha feni moja, feni hiyo imeshikana kwa shafti na feni ya pili, na hiyo ya pili inasukuma hewa safi ndani ya silinda. Turbo ya gari dogo inaweza kupita mizunguko 200,000 kwa dakika. Shafti yake kwa kawaida haikai juu ya gololi. Katika turbo nyingi inaelea ndani ya bushi, juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikichelewa, ikiwa chafu au ikipungua, utando unakatika, chuma kinagusa chuma, na kwa mwendo huo hakuna nafasi ya kujuta.

Ndiyo maana nasema turbo ni nadra kufa kifo chake yenyewe. Mara nyingi imeuawa, na muuaji bado yumo ndani ya injini akisubiri ufunge nyingine.

Mfano unaojulikana na kila fundi wa Uingereza ni ile dizeli ya lita 1.6 iliyofungwa kwenye Peugeot na Citroën kwa jina la HDi, na kwenye Ford kwa jina la TDCi. Sili za nozeli zake zikianza kuvuja, gesi ya mwako inapenya na kuichafua oili, na oili inageuka masizi mazito. Masizi hayo yanakwenda kukwama kwenye kichujio kidogo sana kilichomo ndani ya bolti ya bomba linalopeleka oili kwenye turbo. Turbo inakufa kwa kiu. Mwenye gari ananunua nyingine, anafungiwa, anafurahi, halafu nayo inakufa upesi kwa sababu bomba ni lile lile na masizi yako pale pale ndani ya sampu. Wauzaji wa turbo walichoka kurudishiwa, wakaweka masharti: ukitaka dhamana, funga mabomba mapya ya oili, shusha sampu uisafishe, angalia kichujio cha pampu, halafu upime kwa chombo na saa ni oili kiasi gani inarudi kutoka kwenye turbo injini ikiwa kwenye sailensa. Bila ushahidi huo, dhamana hakuna.

Sharti hilo ningelipenda libandikwe kwenye kila duka la spea pale Kariakoo. Gari linaweza kuwa Hilux au Prado, injini tofauti kabisa, lakini swali ni lile lile: iliyokufa imeuawa na nini?

Turudi kwenye kupima. Mashine ikichomekwa, kwa turbo dhaifu hutoka mara nyingi msimbo P0299. Wapo mafundi, huku na huko, wanaousoma kama cheti cha kifo. Msimbo huo hausemi turbo imekufa. Unasema msukumo wa hewa ni mdogo kuliko ule kompyuta ya gari ilioagiza, basi. Huenda mpira wa hewa umepasuka karibu na intakula. Huenda kibomba chembamba cha vakyumu kimekauka na kuchanika. Huenda sensa ya msukumo imejaa masizi, au filta ya hewa imeziba, au zile bledi ndogo zinazofunguka na kufunga ndani ya turbo zimeganda. Sehemu kubwa ya orodha hiyo inatibika kwa pesa ndogo, na turbo yako ikabaki ilipo.

Fundi wa hapa niliyemtazama akifanya kazi hakuanza na turbo kabisa. Aliendesha gari barabarani kompyuta ikiwa imechomekwa, akalinganisha msukumo ulioagizwa na uliopatikana wakati gari linapanda mlima. Aliporudi alifunga mashine ya moshi, akajaza njia yote ya hewa moshi mwepesi, akasubiri uchungulie pa kutokea. Gerezani mashine hiyo ni adimu, lakini nimeona kijana akiziba mdomo wa paipu kwa kopo alilolichonga, akaingiza upepo kidogo wa kompresa, kisha akapaka povu la sabuni kwenye viungo vyote. Povu lilichemka mahali pamoja. Jibu lake lilikuwa sahihi sawa na la mashine ya moshi, na gharama yake kipande cha sabuni. Kwa hiyo akili ya kupima ipo. Inakosa soko.

Hapo kuna jambo la haki la kusema upande wa pili. Uingereza inatupa vitu ambavyo mtu wetu angevifufua. Saa ya fundi ni ghali, kwa hiyo hakuna anayekaa kufungua turbo kwenye meza ya gereji. Inatolewa, inafungwa ya kubadilishana, na ile ya zamani inarudishwa kwa muuzaji ili urejeshewe amana. Kibomba cha vakyumu kikisumbua unaweza kuuziwa seti nzima. Kwetu fundi atafungua turbo yenyewe, atakwangua masizi kwenye bledi, atabadilisha bushi na ringi, na gari litaondoka. Bledi zilizoganda tu, shafti ikiwa nzima, ni ugonjwa ambao mafundi wetu wanautibu vizuri.

Wanapokosea ni hatua moja mbele. Katriji, yaani kile kiini chenye shafti, feni na bushi, ikishafunguliwa inatakiwa kusawazishwa kwenye mashine maalumu, maana uzito mdogo usioonekana kwa macho unaleta mtetemo mkubwa kwenye mizunguko laki moja na zaidi. Ikifungwa kwa jicho, utaisikia ikilia kama king'ora siku chache tu, halafu kimya. Vilevile ile skrubu ndogo inayozuia mwisho wa mwendo wa bledi imewekwa kiwandani kwa kipimo cha mtiririko wa hewa. Fundi anayeizungusha "ili gari livute zaidi" mwambie aiache.

Na asiitie hatiani turbo kwa kila tone la oili. Unyevunyevu wa oili kwenye paipu za hewa ni kawaida kwa dizeli nyingi. Dimbwi si kawaida. Shafti kuchezacheza kidogo ubavuni oili ikiwa imeshuka ni kawaida pia. Kuingia na kutoka kwa mwendo unaohisiwa na kidole, au feni kukwaruza nyumba yake, hapo imekwisha kweli. Moshi wa bluu unaweza kutokana na bomba la kurudisha oili lililoziba tu. Lakini turbo iliyovunjika kweli ikimwaga oili ndani ya intakula, lazima intakula itolewe na oili yote imwagwe. Dizeli ikianza kunyonya oili hiyo inakimbia yenyewe, unazima ufunguo nayo haizimi. Waliowahi kuiona hawaisahau.

Mazingira nayo yanahesabika. Huku adui ni safari fupi za mjini zinazoziba kichujio cha masizi kwenye ekzosi, na ukaguzi wa kila mwaka, MOT, tangu Mei 2018 unafelisha dizeli yenye kichujio hicho ikionyesha moshi wa kuonekana. Kwetu adui ni vumbi, filta inayopulizwa upepo na kurudishwa mpaka karatasi yake inatoboka, na oili ya kidumu kisichojulikana kilikotoka. Gari lenye turbo mgonjwa linaweza kuzunguka Dar es Salaam mwezi mzima bila kulalamika, likaja kuumbuka kwenye mlima wa Kitonga, malori yakiwa nyuma yanapiga honi. Mbeya, kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na turbo inalazimika kujituma zaidi. Si ajabu watu wa mashambani bado wanaiabudu 1HZ ya Land Cruiser, dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo kabisa. Haikimbii, lakini haina cha kuuawa.

Sasa niseme na wewe uliye Reading, Minneapolis au Muscat, unayepigiwa simu usiku na shemeji kwamba turbo ya gari imekufa na inahitajika hela kesho. Usikatae, wala usitume yote. Tuma kwanza pesa ya kupima, uiite hivyo hivyo, na mwambie fundi ni malipo yake hata kama turbo itakutwa nzima. Omba picha ya feni zote mbili, ya ndani ya bomba la oili, na ya kibati chenye namba ya turbo, kwa sababu injini moja inaweza kuwa na turbo za aina zaidi ya moja, na ukinunua huku kwa jina la gari tu utapeleka chuma kisichofunga. Ikithibitika imekufa, changanya kwenye bajeti mabomba mapya ya oili, oili, filta ya oili na filta ya hewa. Fundi akikuambia hivyo vyote havina haja, tafuta fundi mwingine.