Barua kutoka Houston: Darasa la Juu la Kihispania Linadai Nini



Mwezi wa Agosti, shule za Texas zinapofunguliwa, mwanafunzi wa darasa la juu la Kihispania hurudi nyumbani na karatasi ya matarajio ya mwalimu, na mzazi hutakiwa kuisoma na kutia sahihi. Sehemu kubwa ya karatasi hizo huhusu nidhamu: kuwahi kipindi, kuleta daftari, kuweka simu mbali, kutoiachia kompyuta itafsiri kazi ya nyumbani. Mambo hayo ni ya lazima, ila hayamwelezi mzazi somo lenyewe. Zinazostahili kusomwa kwa makini ni zile sentensi chache zinazotaja mwanafunzi ataweza kufanya nini kwa Kihispania ifikapo Mei. Hoja yangu leo ni kwamba darasa la lugha lina haki ya kuitwa la juu pale tu linapomdai mwanafunzi aitumie lugha hiyo kwa kauli yake mwenyewe, kwa muda uliopangwa, mbele ya mtu asiyemjua. Kihispania cha sekondari za Marekani, pamoja na kasoro zake, kimefika hapo. Kiswahili cha shuleni kwetu hakijafika, na jambo hilo linaniuma.

Kwanza nieleze mazingira. Karibu watu 4 kati ya kila 10 wa Texas wana asili ya Kilatino, na Marekani nzima ina watu zaidi ya milioni 40 wanaozungumza Kihispania majumbani mwao. Hata hivyo, mwanafunzi hapa hahitaji kufika mbali katika lugha ili amalize shule. Jimbo linamtaka apate ufaulu wa kozi mbili za lugha moja isiyo Kiingereza, na linaruhusu hata kozi mbili za lugha za kompyuta zishike nafasi hiyo. Kwa hiyo anayebaki hadi mwaka wa nne amechagua mwenyewe. Wengi wao huingia katika kozi ya AP, mpango wa shirika la College Board unaomruhusu mwanafunzi wa sekondari kusoma kwa kiwango cha chuo kikuu. Mtihani hufanywa Mei, alama ni 1 hadi 5, na vyuo vingi humhesabia anayefanya vizuri kuwa amekwisha kusoma kozi hiyo. Watahiniwa wa Kihispania peke yao ni zaidi ya laki moja kila mwaka.

Sasa tazameni kazi zenyewe, kwa muundo uliotumika kwa miaka mingi tangu mtihani huo ufanyiwe marekebisho na kuanza upya 2014. Nusu ya alama hutokana na kusoma na kusikiliza: makala za magazeti, matangazo, barua, mahojiano ya redio, na sauti za watu wa nchi mbalimbali wanaosema kwa lafudhi zao na kwa kasi yao ya kawaida. Nusu ya pili ni ya kuandika na kusema. Mtahiniwa hupewa barua pepe rasmi kutoka kwa mtu asiyemfahamu, naye ana dakika 15 za kuijibu: ajibu maswali aliyoulizwa, aulize jambo lake, na ashike adabu ya maandishi rasmi toka salamu hadi kuaga, asichanganye namna ya kumwambia rafiki na namna ya kumwambia mkuu. Kisha huja insha ya hoja. Anapewa makala, jedwali au grafu, na sauti iliyorekodiwa, vyote vikihusu suala moja ambalo watu hawakubaliani. Husoma, husikiliza mara mbili, kisha huandika kwa dakika 40 akitetea msimamo wake kwa kutumia vyanzo vyote vitatu. Hatoshelezi mtu kwa kusema tu anachofikiri, wala kwa kufupisha waliyosema wengine.

Baada ya hapo anaanza kusema. Kuna mazungumzo yenye zamu tano, na kila zamu ana sekunde 20 za kumjibu mtu aliyerekodiwa. Mwishoni hupewa dakika nne kujitayarisha na dakika mbili kusema mfululizo, akilinganisha jambo fulani la utamaduni katika jamii ya wasema Kihispania na jamii yake mwenyewe au nyingine. Kazi hii ya mwisho naithamini kuliko zote. Mtoto wa mkimbizi aliyezaliwa Kivu na kulelewa Texas anaweza kusimamisha desturi ya Mexico kando ya desturi ya Uvira, kwa Kihispania, na mtahini akamhesabia kila neno. Katika masomo mengi ya shule za hapa, mtoto huyo huulizwa anajua nini kuhusu Marekani. Hapa ujuzi wa kwao ni sehemu ya jibu.

Katika kusahihisha, mtahini huangalia kama kazi iliyotakiwa imefanyika na kama ujumbe umeeleweka. Makosa ya sarufi yana uzito wake, na yakizidi humshusha mtahiniwa, lakini hayahesabiwi moja moja kana kwamba lugha ni orodha ya mitego. Uamuzi huu una historia. Tangu 1986, baraza la walimu wa lugha za kigeni la Marekani, ACTFL, limekuwa na mwongozo unaopanga uwezo wa lugha kwa ngazi: anayeanza anaweza kufanya nini, wa kati nini, wa juu nini. Baraza hilo linapendekeza pia kwamba asilimia 90 au zaidi ya muda wa kipindi itumie lugha inayofundishwa. Ndiyo maana karatasi nyingi za matarajio husema Kiingereza kitabaki nje ya mlango.

Wapo wanaosema matarajio haya ni makubwa kuliko muda uliopo, na pingamizi hili lina uzito. Tufanye hesabu. Shule hapa zina kama siku 175 kwa mwaka. Kwa kipindi cha dakika 50 kila siku, miaka minne haifiki saa 600, na hiyo ni kabla ya kutoa siku za mitihani, michezo na magonjwa. Chuo cha serikali ya Marekani kinachowafundisha wanadiplomasia lugha hukadiria wiki 30 za kusoma kutwa, yaani zaidi ya saa hizo 600 darasani, ili mtu mzima mwenye ari afike kiwango cha kufanyia kazi kwa Kihispania. Kwa Kiswahili makadirio yao ni wiki 36. Basi anayemwahidi mzazi kwamba kijana aliyeanza na salamu akiwa na miaka 14 atasema kama mzaliwa wa Bogotá akiwa na miaka 18 anamdanganya. Lakini hesabu hiyo inaunga mkono malengo ya vitendo. Muda ukiwa mfupi, ni lazima mwalimu achague, na lengo linalosema "mwanafunzi atajibu barua rasmi na kuuliza jambo lake" linamwonyesha cha kuchagua. Lengo linalosema "mwanafunzi atajua lugha vizuri" halimwonyeshi chochote, na mwisho wa mwaka hakuna awezaye kusema kama limefikiwa.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Katika darasa hilohilo wamo vijana waliokunywa Kihispania kwa maziwa ya mama zao. Je, ni haki kuwapima kwa kipimo kimoja na aliyekipata vitabuni? College Board yenyewe hutoa matokeo kwa namna mbili, ya watahiniwa wote na ya wale tu wasioisikia wala kuizungumza lugha hiyo nje ya darasa, na wastani wa kundi la pili huwa chini. Wengine hutoka hapo na kusema kwamba mtoto wa Kilatino anachukua alama za bure. Siafikiani nao. Kijana huyo anazungumza na bibi yake bila shida, lakini mara nyingi hajawahi kuandikia ofisi barua kwa Kihispania, kusoma makala ya uchumi, wala kutetea hoja kwa maandishi, kwa sababu shule yake haikumfundisha hayo. Guadalupe Valdés wa Chuo Kikuu cha Stanford ameandika kwa miaka mingi kwamba wanafunzi hawa wana uwezo wa aina yake unaohitaji mafunzo ya aina yake. California, kwa mfano, ilibana sana ufundishaji wa lugha mbili kwa kura ya 1998, na vizuizi hivyo vikaondolewa kwa kura nyingine 2016. Kizazi kizima kilipita katikati. Kwa vijana hao, darasa la juu ndipo lugha ya nyumbani inapopewa karatasi, kalamu na heshima ya shule. Mwalimu mzuri huandika matarajio yenye njia mbili: huyu aongeze kusikia na kusema, yule aongeze kusoma na kuandika. Kipimo cha mwisho kinaweza kuwa kimoja, mradi kazi ya kila siku isiwe moja.

Wengine hulalamika kwamba mtihani wa namna hii hufundisha ujanja. Ni kweli wapo walimu wanaowakaririsha wanafunzi sentensi za kufungulia insha na za kufungia hotuba, na mtahini huzisikia mpaka azichoke. Ila sentensi tatu za kukariri hazimbebi mtu kwa dakika mbili, sembuse zamu tano za mazungumzo asiyojua yanaelekea wapi. Na kuhusu programu za kutafsiri, ambazo sasa kila kijana anazo mfukoni: zinafanya kazi ya nyumbani iwe ushahidi dhaifu, na kwa hiyo zinaongeza thamani ya kusema papo hapo.

Kasoro ninayoiona mimi iko kwingine. Ipo kozi ya pili ya AP, ya fasihi ya Kihispania, yenye orodha ya maandishi 38 ya lazima, kuanzia Don Juan Manuel wa karne ya 14, kupitia Cervantes na Sor Juana, hadi Borges, Rulfo na García Márquez. Ni orodha nzito, na inapendeza kumwona humo Nicolás Guillén na Nancy Morejón wa Cuba wakiandika juu ya damu ya Afrika. Lakini Guinea ya Ikweta, nchi ya Kiafrika iliyopata uhuru kutoka Hispania 1968 na ambayo bado ina Kihispania kama lugha rasmi, haina mwandishi hata mmoja katika orodha hiyo. María Nsue Angüe, mzaliwa wa nchi hiyo, alichapisha riwaya yake Ekomo 1985. Mwanafunzi mweusi wa Houston anaweza kumaliza kozi zote mbili bila kuambiwa kwamba kuna Waafrika wanaoandika riwaya kwa lugha anayojifunza.

Sasa nirudi kwetu. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari wa Kenya, hupima Kiswahili kwa karatasi tatu: insha, lugha na fasihi. Zote ni za kuandika, hata sehemu ya fasihi simulizi. Tanzania nako mtihani wa taifa wa Kiswahili ni wa maandishi, kidato cha nne na cha sita. Kijana anaweza kupata alama ya juu kabisa bila kufungua kinywa. Najua jibu litakalotolewa: watoto wetu wanazungumza Kiswahili tayari, na watahiniwa ni mamia ya maelfu, nani atawasikiliza? Jibu la kwanza linasahau Turkana, Kisii, na wilaya nyingi ambako Kiswahili ni lugha ya pili au ya tatu. Linasahau Uganda pia, ambako baraza la mawaziri liliamua 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Na hata mtoto wa Tanga anayezungumza vizuri barazani anahitaji kufundishwa kutetea hoja mbele ya wageni kwa dakika mbili, kama yule mtoto wa Kilatino anavyohitaji kufundishwa barua rasmi.

Kuhusu wingi wa watahiniwa, Kenya tayari huwapima kwa mazungumzo watahiniwa wa Kifaransa na Kijerumani katika KCSE hiyohiyo. Ni wachache, sikatai, lakini utaratibu upo, na mtaala mpya wa umilisi umeipa stadi ya kusikiliza na kuzungumza nafasi yake katika somo la Kiswahili. Si lazima tuanze na nchi nzima. Tathmini ya shuleni inaweza kubeba hotuba ya dakika mbili iliyorekodiwa kwa simu ya mwalimu, na baraza la mitihani likasikiliza sampuli ili kulinda haki.

Walimu wa Kiswahili, mnapoandaa silabasi ya mwaka ujao, andikeni juu ya ukurasa wa kwanza kazi tatu au nne ambazo mwanafunzi wenu ataweza kuzifanya kwa Kiswahili mwisho wa mwaka, na mojawapo iwe ya kusema. Nanyi wazazi, msitie sahihi karatasi ya matarajio isiyowaambia hilo.