Wizara Iliyodumu Miezi Minne na Nusu

Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje ya Zanzibar, nikiihesabu tangu tarehe 10 Disemba 1963 tulipopata uhuru hata tarehe 26 Aprili 1964 tulipoungana na Tanganyika, ilidumu miezi minne na nusu, ikaongozwa na mawaziri wawili, na wote wawili waliishia katika jela za Bara. Wa kwanza alikuwa Sheikh Ali Muhsin Barwani, wa serikali iliyopinduliwa Januari. Wa pili alikuwa Abdulrahman Mohamed Babu, wa serikali iliyopindua. Ajabu ni kwamba mahasimu hao walikuwa zamani watu wa nyumba moja, mmoja kiongozi wa chama cha Hizbu na mwenziwe katibu mkuu wake, hata walipofarakana mwaka 1963 na Babu akaunda chama chake cha Umma. Habari za Sheikh Ali nawaachia wajuzi wengine. Ninayetaka kumkumbuka leo ni Babu, na zaidi ya yeye mwenyewe, namna sisi watu wa barzani tulivyokuwa tukimtaja.

Siku zile nilikuwa karani kijana katika duka la mfanyabiashara wa karafuu, na baada ya sala ya alasiri nilikuwa na dasturi ya kupita barza za Malindi, ambako wazee walikaa na vikombe vyao vya kahawa wakiihukumu dunia nzima. Watu hawa walisikiliza redio ya Cairo na ya London kwa makini kuliko walivyosikiliza mabibi zao, na waliyajua mambo ya Suez na ya Algeria kama mtu ajuavyo ugomvi wa jirani. Lakini tangu mwaka 1890, Mwingereza alipotutia chini ya himaya yake, hapakuwa na mtu wa visiwa hivi aliyekuwa na idhini ya kusema na dola ya kigeni kwa niaba yetu. Elimu yetu ya mambo ya nje ilikuwa nyingi, na mamlaka yetu juu yake hayakuwapo kabisa. Kwa hiyo tarehe 16 Disemba 1963, Zanzibar ilipokaribishwa katika Umoja wa Mataifa siku moja na Kenya, wapo wazee waliolia, na si wote walikuwa wafuasi wa serikali.

Babu alikuwa zao la barza hizo hizo. Alizaliwa Unguja mwaka 1924, akafanya ukarani katika shirika la wakulima wa karafuu, kisha mwaka 1951 akaenda Uingereza kusoma, na huko London akakutana na fikra na watu wa makoloni mengine, hata aliporejea mwaka 1957 kuwa katibu mkuu wa Hizbu hakuwa tena yule karani aliyeondoka. Akafika China wakati ambapo kwa wengi wetu China ilikuwa ni sahani na hariri tu. Na mwaka 1962 Waingereza wakamfunga kwa shitaka la uchochezi, jambo lililomwongezea sharafu badala ya kumpunguzia. Nilimsikia mara kadhaa akihutubia. Hakuwa khatibu wa kunguruma. Alikuwa na lisani ya mtu wa mjini, nyepesi, yenye mzaha uliochoma, naye aliweza kuichukua habari ya Peking akaileta mtaani Ng'ambo ikakaa pale kana kwamba ilizaliwa hapo. Vijana wake tuliwaita makomredi, wengine kwa mapenzi na wengine kwa kebehi, nao walilipokea jina hilo kwa hali zote mbili.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalimkuta Dar es Salaam, kwani chama cha Umma kilikuwa kimepigwa marufuku siku chache kabla. Akavuka bahari, na katika baraza la mawaziri la Mzee Abeid Amani Karume akapewa mambo ya nchi za nje. Hapo ndipo nilipofahamu maana ya kuwa waziri wa namna hiyo katika nchi ya watu wapatao laki tatu. Waziri wa dola kubwa hunena, na nyuma ya maneno yake zimo manowari na hazina. Waziri wa nchi ndogo hana ila maneno yenyewe, pamoja na ujuzi wa kuchagua saa ya kuyatoa. Waingereza na Wamarekani walisita juu ya serikali mpya zaidi ya mwezi mzima, wasiitambue hata tarehe 23 Februari, na katika muda huo wawakilishi wao waliamriwa kufunga virago, ilhali nchi za Mashariki zilikuwa zimekwisha kubisha hodi. Ujerumani ya Mashariki, ambayo hapakuwa na dola ya Afrika iliyokuwa imeitambua kabla yetu, tuliitambua Januari ile ile; nayo kwa furaha ikatuletea wahandisi na saruji, na majumba ya ghorofa ya Kilimani ni matunda ya mahaba hayo. Huko Tunguu walikuwapo Wamarekani na mitambo yao ya kufuatia vyombo vya angani, wakaambiwa waiondoe. Katika magazeti ya kwao tukaanza kuitwa Cuba ya Afrika.

Sisi barzani tulilewa. Nasema tulilewa, na sijui neno lililo adilifu zaidi, maana mji ambao jana ulikuwa ukingoja meli ya barua leo ulikuwa na wajumbe wa mataifa wakipishana katika vichochoro vyake, na kila mmoja alikuja na ahadi. Babu alilielewa jambo hili kuliko sisi: thamani ya kisiwa sokoni hupanda pale tu wanunuzi wawili wanapochukia kila mmoja kiende kwa mwenziwe. Lakini naona leo, na huenda yeye aliliona mapema, kwamba thamani hiyo hiyo ndiyo iliyommaliza. Kadiri Zanzibar ilivyozidi kuwa ghali, ndivyo wakubwa wa Magharibi walivyozidi kukosa usingizi, na ndivyo walivyozidi kutamani iwekwe chini ya mkono wa mtu mpole zaidi. Sisemi kwamba Muungano ulikuwa kazi yao, kwani Mwalimu Nyerere na Mzee Karume walikuwa na sababu zao wenyewe, na udugu wa pande mbili za bahari haukubuniwa Washington. Nasema tu kwamba hofu ya wakubwa hao ilikuwa upepo wa tanga.

Hati za Muungano zilipotiwa saini Babu alikuwa safarini Asia. Aliporudi hakuwa na wizara, kwa kuwa mambo ya nchi za nje yaliorodheshwa miongoni mwa yale kumi na moja ya Muungano, na kiti chetu katika Umoja wa Mataifa kikaunganishwa na cha Tanganyika. Akaingizwa katika baraza la mawaziri la Muungano, kwanza katika mipango na baadaye katika biashara. Ila mtu hasahau kazi kwa kuvuliwa cheo: Disemba ya mwaka ule ule alikuwa Harlem, jukwaa moja na Malcolm X, akiwahutubia watu weusi wa Marekani kwa maneno ambayo hakuna wizara iliyomtuma kuyasema. Na kijana mmoja wa makomredi, Salim Ahmed Salim, alikuwa amepelekwa Cairo kuwa balozi akiwa na umri wa miaka 22, akaendelea hata akawa waziri wa mambo ya nje wa Tanzania na katibu mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Wizara ilikufa, lakini wanafunzi wake walipata madrasa kubwa zaidi.

Februari 1972 Babu akaachwa katika mabadiliko ya mawaziri. Tarehe 7 Aprili Mzee Karume akauawa. Na siku chache hazikupita Babu akawa mahabusu. Zanzibar wakamhukumu kifo katika kesi ya mauaji hayo bila ya yeye kuwapo kizimbani, na Bara wakamweka kifungoni bila ya kumpeleka mahakamani, hata Aprili 1978 alipoachiwa. Katika miaka hiyo jina lake liliondoka barzani. Halikukatazwa na tangazo lolote. Lilijiondokea lenyewe, kama kilivyoondoka kicheko cha sauti na mazungumzo ya siasa kwa jumla. Mtu akitaka kumtaja alisema "yule bwana", na msikilizaji akajibu kwa kuagiza kahawa. Redio za Cairo na London tuliendelea kuzisikiliza, sauti ikiwa chini.

Baada ya kufunguliwa alikwenda Marekani kusomesha, akaandika kitabu juu ya ujamaa wa Afrika, kisha akahamia London na kuwa mwandishi wa magazeti. Makala zake zilitufikia kwa mikono ya wasafiri, zimekunjwa mara nne, na ndani yake nilimkuta yule yule wa Ng'ambo, akiikosoa Tanzania, akiwakosoa wafadhili, asimwogope mkubwa yeyote. Jina likaanza kurudi taratibu. Mwaka 1993 lilirudi kwa kishindo, pale Zanzibar, iliyokuwa imejiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, ilipolazimika kujitoa kwa sababu mambo ya nje si yake. Ndipo vijana waliozaliwa baada ya Muungano walipouliza kama kweli tuliwahi kuwa na waziri wa kazi hiyo, na nani alikuwa.

Mwaka 1995 alirejea kugombea umakamu wa rais kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi, asiruhusiwe kusimama, na tarehe 5 Agosti 1996 akafariki London. Wakamleta Unguja kumzika. Siku zilizofuata nilikaa barzani nikasikia mabishano ambayo sikuyasikia kwa miaka ishirini na zaidi: mmoja akisema kwamba mtu huyu ndiye aliyewafungulia wageni mlango, mwingine akiapa kwamba lau angelikuwa Unguja siku hati zilipotiwa saini mambo yangelikuwa mengine, wa tatu akiwaambia wote wawili kwamba hawajui kitu, maana hata angelikuwapo asingeliulizwa. Muuza kahawa aliacha kuuza ili atoe rai yake. Adhana ya magharibi ikawakuta bado hawajakubaliana hata juu ya chama alichokuwamo mwaka 1962.