Utetezi wa Chambo

Washairi wa mwambao tumekidhulumu chambo. Tukitaka kumsema mrembo apotezaye vijana, twasema katia chambo. Tukitaka kumsema mwanasiasa wa ahadi nyingi, twasema katupa ndoana yenye chambo kinono. Na mpenzi aliyeachwa, katika nyimbo zetu za taarabu, hulia kwamba alifuata chambo akaambulia ndoana. Kila mahali chambo ni jina jingine la hila, na ndoana ni jina jingine la majuto. Sikatai kwamba hila imo. Hapana samaki aliyeitwa kwa chambo kwa ajili ya kukirimiwa. Lakini yeyote aliyepata kuzungumza na wavuvi wa mshipi wa Kunduchi au Mbweni, huku kaskazini mwa Kinondoni, anajua kwamba kabla chambo hakijawa hila, huwa kwanza ni elimu. Ni jawabu la masuali matatu: yule nimtakaye hula nini, hula saa ngapi, na hula katika maji ya namna gani?

Jawabu si moja, na hapo ndipo utajiri wa jambo hili ulipo. Changu hupenda kamba, kaa na ngisi. Chewa, mkaa pangoni, hatoki kwa kitu kidogo: mtilie kibua mzima, na akiwa hai ni bora zaidi, au kipande cha mkono wa pweza. Nguru hakai mahali pamoja. Yeye hufukuza dagaa na vibua katika maji ya juu, kwa hiyo chambo chake sharti kiende mbio kama kinachookoa roho yake, na karibu na ndoana sharti pawe na kipande cha waya, maana meno yake hukata uzi kama mkasi. Tasi ni mla mwani, na ndiyo sababu wazee wetu walimtegea dema lililotiwa mwani ndani badala ya kuhangaika naye kwa mshipi. Nyama nazo zina tabia zake. Ya dagaa ni laini, humeguka na kuondoka na maji, na samaki mjanja huila yote akaiacha ndoana tupu. Ya pweza ni ngumu, hushika ndoana hata baada ya kudonolewa mara kadhaa. Ngisi yu katikati: ana harufu, ana weupe, na hashuki upesi katika ndoana. Hivyo mvuvi mwenye vipande vitatu vya ngisi na kopo la dagaa amekwishafanya mahisabu mengi kabla hajakisukuma chombo majini.

Kisha yako maji yenyewe. Mvua za masika zikishuka na mito ikimwaga tope baharini, jicho la samaki halifiki mbali. Siku hizo huongoza pua, na chambo chenye harufu ndicho chenye sauti. Wakati wa kaskazi, maji yakiwa maangavu, hutawala jicho. Hapo ndipo kinapopata nafasi chambo kisicho chakula: unyoya mweupe wa kuku, nyuzi za kiroba zilizochambuliwa, kipande cha bati kilichosuguliwa hata kikawaka, au samaki wa plastiki wa dukani. Huyo huburutwa nyuma ya chombo kinachokwenda, na wavuvi wetu wana kitenzi chake kizuri, kurambaza. Lakini chambo cha namna hii hakina ladha wala harufu. Nguvu yake yote imo katika mwendo. Kikisimama kimekufa. Chombo kikienda taratibu mno, nguru hukitazama akakipita. Nimeona mvuvi akikata ncha za nyuzi za kiroba kwa wembe, mara mbili, mara tatu, akizitumbukiza majini na kuzitoa, mpaka zikayumba kama alivyotaka. Nilipomwuliza mwenziwe, mzee aliyekuwa akitengeneza mishipi ya changu, kwa nini yeye hajishughulishi na vinyoya, alinicheka: “Changu hali maneno, Malenga. Mpe kamba.”

Elimu hii haihitaji mtumbwi. Upande wa pili wa jiji, Temeke, vijana wa Mtoni na Mbagala hushinda kando ya Mto Kizinga na vijiti vyao, na somo lao ni lile lile. Perege humtaka kwa donge la ugali lililokandwa likashikamana. Kambale, aishiye katika tope asikoona kitu, humtaka kwa nyungunyungu au utumbo wa kuku, kwani yeye hupapasa na kunusa kwa sharubu zake. Kijana asiyeweza kuandika insha ya ukurasa mmoja juu ya kambale atakueleza, bila ya kusita, kwa nini ugali haufai jioni ya maji machafu.

Nilikuja kuuthamini ujuzi huu zaidi nilipokuwa nikifasiri maandishi ya Kiingereza kuhusu samaki ambaye mwambao haumjui: trauti, samaki wa mito ya baridi. Afrika Mashariki ni mgeni. Aliletwa Kenya mwaka 1905, akatiwa katika Mto Gura wa milima ya Nyandarua. Baadaye mbegu yake ikafika katika mito ya Kilimanjaro na katika nyanda za juu za Mbeya. Kikwazo changu hakikuwa samaki bali chambo chake. Waingereza humwita nzi, kumbe ni ndoana iliyofungwa manyoya na nyuzi kwa ustadi hata ikafanana na mdudu aliyetua juu ya maji. Kitabu chao cha kale cha uvuvi wa mshipi, kilichopigwa chapa mwaka 1496 na kunasibishwa na mtawa Juliana Berners, kinataja nzi wa namna 12 na kuwapanga kwa miezi yao. Nikiandika “nzi,” msomaji wa Kiswahili ataona jaa na kidonda. Nikiandika “chambo bandia,” ataona kitu cha ulaghai, nami nitakuwa nimemsingizia yule mvuvi anayechutama ukingoni, akatazama ni mdudu gani aliyeanguliwa saa hiyo, ndipo akachagua unyoya wa rangi yake. Kilichonifungua ni kumbikumbi. Mtoto yeyote wa kwetu ajua kwamba baada ya mvua kumbikumbi huruka kwa wingi, na kwamba siku hiyo kuku hawataki mtama. Trauti naye ana siku za kumbikumbi zake. Basi nikaandika “chambo cha manyoya,” nikaongeza sentensi moja juu ya wadudu wa msimu, na mvuvi wa milimani akawa ndugu wa yule wa Kunduchi mwenye wembe na nyuzi za kiroba.

Yupo, hata hivyo, mvuvi asiyemwuliza samaki kitu. Baruti haina chambo. Haijui tofauti ya changu na chewa, ya mzazi na kinda, ya maji maangavu na maji ya tope. Mwaka 2015 watafiti walisafiri kando ya pwani ya Tanzania wakiburuta vinasa sauti chini ya maji. Katika siku 31 walinasa milipuko 318, na zaidi ya nusu ilitoka katika maji yasiyo mbali na Dar es Salaam. Hapo visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vilikuwa hifadhi tangu mwaka 1975. Baada ya misako mikali ya miaka iliyofuata, milio ilipungua sana. Lakini tumbawe lililopasuliwa halisikii habari ya misako. Hujengeka upya kwa miaka mingi, kama hujengeka, na wengi katika samaki waliouawa na mshindo huzama chini wasifae mtu.

Nisieleweke kwamba nawahukumu maskini nikiwa juu ya mkeka. Chambo ni ghali, na gharama yake ina uchungu wa pekee: ngisi na kamba ni chakula. Kila asubuhi mvuvi wa mshipi huchukua kitu ambacho kingeweza kuingia katika chungu cha nyumba yake, akakitoa kwa samaki ambaye huenda asije. Anatoa kabla ya kupata. Mwenye baruti hatoi kitu chake. Hutoa cha bahari, na cha watoto watakaoivua kesho. Hii ndiyo tofauti ninayoiona kubwa kuliko zote, nami nadhani ndiyo inayokipa chambo heshima yake, hila na yote iliyomo.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa tungo wasikiache chambo, bali wakitumie kwa ujuzi zaidi. Ukimwandika mlaghai, tuambie alitia chambo gani, kwani kila mlaghai humjua mtu wake kama mvuvi amjuavyo changu. Pia tumwandike mpenzi aliyesoma njaa ya mwenziwe kwa subira, akampelekea kile alichokihitaji, katika saa yake. Marehemu Haji Gora Haji wa Tumbatu, mwenye diwani ya Kimbunga, aliyefariki mwaka 2021, aliwahi kuwa mvuvi, na bahari katika tungo zake ni ya mtu aliyeishika kwa mikono. Sisi tusioishika twaweza walau kuuliza. Asubuhi wavuvi warudipo Kunduchi, wateja huuliza bei. Adimu ni yule aulizaye samaki huyu alikuja kwa chambo gani. Na akiulizwa, mvuvi huweka ndoo chini akaanza kusimulia.