Jibu la Kwanza Lilikuwa la Muuzaji

Nilivunja ungo nikiwa darasa la saba, hapa Ngamiani, Tanga, na bibi ndiye aliyekuwa somo yangu. Alinifunza yale ambayo somo wa pwani humfunza mwali: usafi, adabu, kuhesabu siku, nani wa kuambiwa na nani wa kufichwa. Nilipomweleza kwamba tumbo linanikata hadi natapika, alinihimiza nivumilie, nikizaa yatakwisha. Simlaumu bibi yangu, kwani naye aliambiwa hivyo hivyo. Lakini nilikuwa kidato cha pili, kuzaa kulikuwa mbali, na kila mwezi nilikosa masomo.

Nikaiuliza simu. Ilikuwa ya kaka. Niliiazima usiku kwa kisingizio cha maswali ya Baiolojia, na nikimaliza nafuta kila nilichotafuta. Mabinti wengi kuanzia Mkinga hadi Pangani hutafuta hivyo: kwa simu ya mtu, kwa bando la kubana, kwa hofu ya kufumaniwa. Mwenye haraka husoma kinachotokea juu.

Kilichotokea juu kilikuwa kwa Kiswahili chepesi kabisa. Kilisema maumivu makali ya hedhi ni chango la uzazi, kizazi kimejaa uchafu, na asiyekisafisha atakuwa mgumba. Chini yake palikuwa na namba ya WhatsApp na bei ya dozi. Kesho yake TikTok ikaniletea wauzaji wengine, maana mtandao ule hukuongezea kile ulichokwisha kukitazama. Mmoja aliutaja hata ute mweupe kuwa dalili ya ugonjwa. Ute mweupe, ambao kila msichana mwenye afya anao! Pesa ya dozi sikuwa nayo, ila hofu nilipewa bure. Nililala nayo miezi mingi nikiamini sitapata mtoto, na kwetu hilo si jambo ambalo binti humweleza mtu.

Aliyenitoa humo ni muuguzi mmoja wa zahanati, siku nilipomsindikiza mdogo wangu aliyekuwa na homa. Sijui ujasiri niliutoa wapi. "Shikamoo mama, nina swali." Akafunga mlango, akanisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu," akasema, "kizazi hakioshwi. Na uke hujisafisha wenyewe. Ukiingiza dawa unaua vijidudu vinavyoulinda." Kisha akanieleza jambo ambalo hakuna muuzaji aliyelieleza: wakati wa hedhi, ukuta wa mfuko wa uzazi hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, nazo huukaza mfuko ili damu itoke. Zikizidi, maumivu huzidi, na mtu anaweza hata kutapika au kuharisha. Dawa ya ibuprofeni hupunguza utengenezaji wa kemikali hizo, ndiyo maana hufaa zaidi ikimezwa mapema, maumivu yanapoanza, tena mtu akiwa amekula. Mwenye vidonda vya tumbo au pumu aulize kwanza. Chupa ya maji ya moto tumboni nayo husaidia.

Hakuniambia kila maumivu ni ya kawaida. Yanayogoma kusikia dawa, yanayoongezeka mwaka hadi mwaka, au ute wenye harufu mbaya na muwasho, ni vya kupeleka hospitali. Alinitajia Millen Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001, aliyejitokeza hadharani kusema anaugua endometriosi, ugonjwa unaompata takriban mwanamke 1 kati ya 10 wa umri wa kuzaa. Magese alifanyiwa upasuaji mara nyingi, na mwaka 2017 akapata mtoto.

Tangu siku hiyo, nikisoma habari ya afya naanza kutazama nani kaiandika na anauza nini. Nilirudi kwenye simu nikakuta maelezo yote ya yule mama yamo, katika kurasa za Shirika la Afya Duniani na za huduma ya afya ya Uingereza. Yalikuwa kwa Kiingereza. Mimi niliyasoma kwa kamusi. Binamu yangu wa Pangani, aliyeishia darasa la saba, angeyasomaje? Hili linaniuma kuliko maumivu yenyewe: binti wa Kitanzania akiuliza kwa lugha yake, anayemjibu upesi ni muuzaji wa hofu, na aliye na ukweli yuko kimya au anaongea Kiingereza.

Leo nazungumza na wasichana wa mtaani kwetu, nawaonyesha simu yangu mwenyewe, tunasoma pamoja. Haitoshi. Madaktari na wauguzi wetu, andikeni kwa Kiswahili, rekodini video fupi, jibuni maswali haya ya aibu kabla ya wauzaji. Akina mama, binti akiomba simu usiku, muulize kwa upole anatafuta nini. Nawe binti, usitume pesa kwa mtu aliyekutisha kwanza. Nenda zahanati, uliza huduma rafiki kwa vijana. Na ukikosa wa kusema naye, namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto hupigwa bure.