Mtoto wa Sinema Alipokuwa Mtu Mzima

Mtoto aliyepata kujulikana kwa uchezaji wa sinema huulizwa habari zake kwa namna moja tu: "Siku hizi yuko wapi yule?" Aghalabu swali hilo hutolewa kwa sauti ya masikitiko, kana kwamba muulizaji amekwisha kujiandalia jibu. Ama amekuwa mlevi, ama amefilisika, ama amekufa angali kijana. Tumezizoea hadithi za namna hiyo hata tukadhani hakuna nyingine. Leo, ndugu msomaji, nataka tuzungumze juu ya mtoto mmoja ambaye jibu lake ni tofauti. Nia yangu si kuwasifu watu wa mbali, bali kutafuta katika maisha yake jambo linalotuhusu sisi wazazi wa mijini, ambao watoto wetu nao wameanza kutafutwa kwa ajili ya nyuso zao na sauti zao.

Shirley Temple alizaliwa tarehe 23 Aprili, 1928, katika mji wa Santa Monica, California. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa benki. Mama yake alimpeleka shule ya dansi akiwa na miaka mitatu tu, na huko ndiko walikomwona watengenezaji wa sinema. Mwaka 1932 akaanza kuonekana katika sinema fupi fupi ambamo watoto wadogo walifanywa waigize mambo ya watu wazima. Mtoto aliyeleta utundu wakati wa kazi alitiwa ndani ya kisanduku cheusi, ambamo hapakuwa na kitu cha kukalia ila pande la barafu. Habari hiyo aliieleza yeye mwenyewe katika kitabu cha maisha yake alichokitoa mwaka 1988. Katika mojawapo ya sinema hizo, ya mwaka 1933, alifanywa kuwa Mzungu mdogo aliyekwenda Afrika kuwastaarabisha watu walao watu. Na hao "Waafrika" walikuwa watoto weusi wa Marekani, waliovishwa ili waonekane washenzi. Naomba tuliweke jambo hili akilini, maana tutalirudia.

Mwaka 1934 jina lake lilivuma. Mwezi wa Februari, 1935, kabla hajatimiza miaka saba, alipewa tuzo maalumu ya Oscar iliyotengenezwa kwa watoto. Tangu mwaka 1935 hadi 1938 yeye ndiye aliyekuwa mchezaji aliyevuta watazamaji wengi kuliko wote katika majumba ya sinema ya Marekani. Zama hizo zilikuwa zama za dhiki kuu. Viwanda vilikuwa vimefungwa na mamilioni ya wafanyakazi hawana kazi. Mtu aliyekosa tumaini aliweza kutoa senti zake chache, akaingia gizani, akamtazama mtoto mwenye nywele za mawimbi akicheka na kucheza. Wanasesere wenye sura yake waliuzwa madukani. Kampuni iliyomwajiri ilimpunguzia umri kwa mwaka mmoja ili azidi kuonekana mdogo, naye mwenyewe hakuujua umri wake wa kweli mpaka alipokuwa akiukaribia ujana. Hebu tafakari: mtoto anawaingizia wakubwa mapato makubwa, ilhali hajui ana miaka mingapi!

Lakini mtoto hakui kwa hiari ya kampuni. Alipofika miaka kumi na miwili, sinema zake hazikuvuta tena watu kama zamani, na mwaka 1940 akaachana na kampuni hiyo, akapelekwa shule ya wasichana akakae darasani pamoja na wenzake. Aliendelea kucheza sinema kadhaa akiwa kijana. Mwaka 1945 aliolewa akiwa na miaka kumi na saba. Ndoa hiyo ikamletea binti mmoja, kisha ikavunjika mwaka 1949. Mwezi wa Desemba, 1950, aliolewa mara ya pili na Charles Black, na wakati huo huo akatangaza kwamba sinema basi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili.

Ndipo alipouliza habari za fedha zake. Alikuwa amechuma zaidi ya dola milioni tatu. Akaona zimebaki kama dola 44,000 tu. Kwa kila dola mia alizozitolea jasho hakubakiwa hata na dola mbili. Nyingine zilikuwa zimetumika kwa nyumba, watumishi na jamaa. Nyingine zilipotea katika biashara zilizoharibika. Na ile sehemu ambayo mahakama iliamuru iwekwe akiba kwa jina lake, baba yake hakuiweka. Bibi huyu hakuwashitaki wazazi wake, wala hakulitangaza jambo hilo mpaka kitabu chake kilipotoka mwaka 1988, miaka karibu arobaini baadaye.

Mwenziwe aliyemtangulia hakunyamaza. Jackie Coogan, yule mvulana aliyecheza na Charlie Chaplin katika sinema ya mwaka 1921, alikuwa amechuma mamilioni ya dola kabla hajabalehe. Baba yake alifariki katika ajali ya gari mwaka 1935, na mama yake akaolewa na mtu aliyekuwa akisimamia fedha hizo. Kijana alipodai chake, akaambiwa kwamba kwa sheria ya California pato la mtoto ni mali ya wazazi. Mwaka 1938 akaenda mahakamani, na mwisho wa kesi alipata kama dola 126,000 tu. Watu waliona uchungu, na mwaka 1939 ikatungwa sheria inayojulikana kwa jina lake, ili sehemu ya pato la mtoto mchezaji iwekwe akiba. Lakini sheria hiyo ilikuwa na matundu mengi. Tangu mwaka 2000 ndipo asilimia 15 ya pato la mtoto ilipofanywa lazima iwekwe mahali ambapo mzazi hawezi kuigusa. Yaani jambo lililoonekana wazi mwaka 1938 lilingoja zaidi ya miaka sitini lipate kufungwa sawasawa.

Sasa, huyu Shirley aliishi vipi baada ya hapo? Alilea watoto watatu. Ndugu yake wa kiume alipopatwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu, aliingia katika kazi za vyama vinavyowasaidia wagonjwa hao. Kazi hizo ndizo zilizomfikisha Prague mwezi wa Agosti, 1968, siku zile zile vifaru vya Kisovieti vilipoingia mjini. Mwaka 1967 aligombea kiti cha Bunge la Marekani akashindwa. Mwaka 1969 akateuliwa kuwa mjumbe wa nchi yake katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Mwaka 1972 alikuwa katika ujumbe uliokwenda Stockholm kwenye mkutano juu ya mazingira, mkutano uliozaa lile shirika la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi.

Mwishoni mwa mwaka huo huo aligundulika kuwa na saratani ya matiti. Katika zama hizo ugonjwa huo ulitajwa kwa kunong'ona, hata kati ya mtu na dada yake. Yeye alikatwa titi, kisha akaueleza ulimwengu waziwazi, akiwahimiza wanawake wasikae nyumbani na hofu bali waende wakapimwe. Sura ile ile iliyotumiwa kuuza wanasesere, sasa mwenyewe aliitumia kuokoa maisha ya watu. Nadhani hapo ndipo alipoanza kuwa mwenye mali ya jina lake.

Mwezi wa Desemba, 1974, aliwasili Accra akiwa Balozi wa Marekani katika Ghana. Wako waliocheka. Walisema Afrika imeletewa mwanasesere. Nami sioni ajabu kwamba Mwafrika aliyeijua ile sinema ya mwaka 1933 angeona kichefuchefu. Lakini kazi ya ubalozi si mchezo wa kuigiza. Mwezi wa Aprili, 1976, Henry Kissinger, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alipozunguka Afrika, alifika Dar es Salaam akaonana na Mwalimu Nyerere. Lakini Ghana iliifuta ziara yake ya huko wakati safari imekwisha kuanza. Katika hali kama hiyo balozi ndiye abakiaye hapo hapo, akibeba fadhaa ya pande zote mbili. Alikaa Ghana mpaka katikati ya mwaka 1976, kisha akawa mwanamke wa kwanza kuwa mkuu wa itifaki wa serikali yake. Mwaka 1989 alirudi Prague, safari hii akiwa balozi, akaushuhudia utawala ulioletewa vifaru mwaka 1968 ukianguka. Alifariki tarehe 10 Februari, 2014, akiwa na miaka themanini na mitano.

Mtu anaweza kusema kwamba alibahatika: alikuwa mweupe katika nchi iliyowapendelea weupe, alikuwa na mume mwenye uwezo, na jina lake lilimfungulia milango. Ni kweli, wala si haki kulificha. Wale watoto weusi waliovishwa ushenzi pamoja naye hakuna aliyewapa ubalozi. Hata hivyo liko jambo moja ambalo halikutoka kwa bahati. Aliweza kuacha. Aliweza kusema basi, na maisha yakaendelea.

Naandika haya kwa kuwa mambo yenyewe yamefika mlangoni kwetu. Binti yetu ana miaka tisa, na huimba katika kwaya ya watoto. Mwaka jana alikuja bwana mmoja mwenye kamera, mwenye heshima na maneno matamu, akataka mtoto huyo awe akiimba katika picha za matangazo ya biashara zinazotazamwa katika simu. Nikamwuliza maswali matatu. La kwanza, atafanya kazi saa ngapi, na shule itakuwaje? Akacheka, akasema watoto hupenda mambo haya. La pili, fedha zake zitawekwa wapi? Akajibu kwamba fedha hupewa mzazi. La tatu, siku mtoto atakapochoka, je, ataweza kuacha? Hapo hakuwa na jibu, akaanza kutuonyesha picha za watoto wengine.

Alipoondoka, mke wangu alikaa kimya kwa muda, kisha akaniambia, "Baba watoto, siku mtoto huyu atakapokuwa ndiye anayelipa kodi ya nyumba, nani kati yetu atakuwa na ubavu wa kumwambia akalale mapema?" Sijapata kusikia hoja iliyozidi hiyo. Kodi ilikuwa inatubana kweli, wala sisemi kwamba kukataa kulikuwa kwepesi. Tulikataa. Binti anaendelea kuimba kwaya, na akikasirika na mwalimu wake hukaa nyumbani wiki moja, na hakuna anayepata hasara.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya nchi yetu imeweka miaka kumi na minne kuwa umri wa chini wa mtoto kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi isiyodhuru afya yake wala masomo yake. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2020 kwa ajili ya watoto wanaotolewa katika picha za mitandao, ikataka sehemu ya pato lao iwekwe akiba. Sheria ni ukuta mzuri. Lakini baba yake Shirley naye aliamriwa na mahakama, na akiba haikuwekwa. Ukuta hausaidii iwapo atokaye na mali usiku ni mwenye nyumba.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hiyo huwa tunaitumia kwa adabu na utiifu; mimi naona inafaa pia kwa hesabu ya mfukoni. Mzazi mwenye mtoto wa kipaji, awe mwimbaji, mchezaji wa mpira au mwigizaji, na afungue daftari. Aandike kila shilingi iliyoingia kwa jasho la mtoto na mahali ilipokwenda, na daftari hilo amsomee mwenyewe mara atakapokuwa na akili ya kuelewa. Tena asiijenge nyumba yake juu ya mabega ambayo hayajakomaa, ili siku mtoto atakaposema basi, neno hilo lisivunje kitu chochote ila mkataba.