Pampu Iliyolia

Wengi wenu mwakaa karibu na ziwa au mto, na samaki mwawajua katika nyavu na katika chungu. Huenda mkastaajabu kusikia ya kuwa yuko mwalimu awafugaye ndani ya sanduku la kioo, tena awawekeaye mashine ya kuwazungushia maji usiku na mchana. Nataka kuwaeleza habari za mashine hiyo, jinsi ilivyopiga kelele, na jinsi nilivyokataa kuisikiliza. Mambo niliyojifunza yaweza kumfaa hata mtu asiye na samaki, bali ana pampu ya kisima, au cherehani, au baiskeli tu.

Shule yetu iko kusini mwa ziwa Victoria, upande wa Mwanza. Tulipata sanduku la kioo la lita 200, tukaliweka katika chumba kinachopakana ukuta mmoja na nyumba yangu, tukatia furu ndani yake. Nalitaka wanafunzi wawaone wakiwa hai, maana ziwa letu lilikuwa na aina za furu zipatazo 500, na nyingi katika hizo zimetoweka, hasa tangu miaka ya 1980, sangara alipozidi sana baada ya kuletwa ziwani katika miaka ya 1950. Tena furu ana desturi ya ajabu. Jike akiisha kutaga huyakusanya mayai kinywani mwake, akayatunza humo majuma mawili au matatu pasipo kula vizuri, hata vitoto vikaweza kuogelea.

Mtu aweza kuuliza, samaki ana haja gani na pampu? Ziwani upepo na mawimbi hutikisa maji, na hewa ya oksijeni ikaingia ndani yake, nayo ndiyo samaki avutayo kwa matamvua yake. Katika kioo maji husimama kimya. Na maji yenye joto hushika hewa kidogo kuliko maji ya baridi, basi usiku wa kiangazi katika nchi yetu, sanduku lenye samaki wengi laweza kupungukiwa na hewa kabla ya mapambazuko. Kadhalika uchafu wa samaki hutoa sumu, na viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, vikaavyo katika mawe na sponji, huigeuza sumu hiyo isidhuru upesi. Navyo pia huhitaji maji yapitayo. Kwa hiyo pampu si pambo. Ndiyo upepo wa ziwa lile dogo.

Hata mwezi mmoja wa kiangazi, kijana wa kidato cha pili, aliyekuwa na zamu ya kuwalisha samaki, akanijia na kusema, “Shikamoo, Mwalimu. Pampu inalia.” Nikamwitikia, “Marahaba,” kisha nikamwambia, “Kila mashine hulia, mwanangu. Ikinyamaza, hapo ndipo uje uniambie.” Wenzake wakacheka, nami nikajiona nimenena neno la hekima.

Baada ya juma moja akaja tena, akasema ya kuwa sauti imebadilika, zamani ilikuwa ikivuma, na sasa yakwaruza. Sikuinuka kitini. Juma la tatu kelele zikawa kubwa hata nisiweze kulala. Nalifunika sanduku kwa blanketi, nikaziba tundu za mlango kwa vitambaa, wala haikusaidia. Basi usiku mmoja, saa tano, nikiwa nimechoka kwa kusahihisha madaftari, naliondoka kwa hasira nikachomoa plagi ukutani. Kimya kikashuka, nami nikalala usingizi wa pono.

Saa kumi na mbili asubuhi kijana yule akapiga hodi. Hakuniamkia kama ilivyo desturi yake. Alisema neno moja tu, “Mwalimu, pampu imenyamaza.”

Nikaenda naye. Furu wote walikuwa wamejipanga juu ya maji, vinywa wazi, wakihema. Wanne walikuwa wamekwisha kufa, na mmoja wao ni jike tuliyekuwa tukimngojea awatoe watoto wake. Alikuwa amewatema, nao walikuwa wametawanyika majini, wadogo kama punje za uwele. Nikarudisha plagi mbio, lakini pampu ilivuma tu, isizunguke. Kijana hakungoja amri. Alitwaa kikombe, akateka maji, akayainua juu na kuyamwaga, akateka tena akamwaga, ili maji yachanganyike na hewa.

Nami, kwa aibu, nikatafuta mtu wa kumtwika kosa langu. Nikamwuliza kwa ukali, “Ni nani aliyeigusa pampu hii? Si wewe uliyeyaosha mawe juma lililopita?” Akajibu, “Si mimi, Mwalimu,” wala hakuacha kumwaga maji.

Siku ile nalifanya kazi kwa haraka na kutetemeka. Tangu hapo nimejifunza kuifanya kwa taratibu, nami nawaandikia hiyo taratibu. Sharti ya kwanza ni kuchomoa plagi kabla ya kutia mkono majini, maana maji na umeme havina urafiki. Tena waya wa pampu ushuke chini ya tundu la umeme kabla ya kupanda kuliingia, ili tone litirirkalo juu ya waya lidondoke chini, lisiingie ukutani.

Kisha, ikiwa pampu yafanya kazi, sikiliza ni sauti ya namna gani. Sauti ya kugugumia, kama mtungi ujazwao kisimani, ni hewa. Maji yamepungua kwa kukauka, na pampu yavuta hewa pamoja na maji, au povu limenaswa ndani yake. Dawa yake ni kuongeza maji na kuipindua pampu huku na huku hata povu litoke. Sauti ya kuvuma, kama ngoma ya mbali, mara nyingi ni mtikisiko. Pampu au mpira wa maji umegusa kioo, na kioo na meza vimekuwa ngoma. Ishike pampu uiinue kidogo isiguse kitu. Kelele zikikoma, ugonjwa si wa pampu. Weka kipande cha sponji chini yake, nayo itatulia. Lakini sauti ya kukwaruza, kama mchanga kati ya mawe ya kusagia, yatoka ndani, na hapo hakuna dawa ila kuifungua.

Ndani ya pampu ya namna hii mna kitu kidogo cha kustaajabisha. Mna sumaku ya mviringo yenye mabawa madogo kama ya feni, na katikati yake kimepita kijiti chembamba cha kauri. Sumaku haikuungwa na waya wo wote. Nyaya za shaba zimefungiwa upande wa pili wa ukuta wa plastiki, zisiguswe na maji, na nguvu zake hupenya ukuta na kuizungusha sumaku. Umeme wa nchi yetu hugeuka na kurudi mara 50 kwa sekunde, na sumaku yenye ncha mbili huufuata sawasawa, yaani huzunguka mara 3,000 kwa dakika. Basi kijiti kikilika upande mmoja kadiri ya unene wa unywele, yumbo lile dogo hurudiwa mara 3,000 kila dakika, na nyumba nzima ikalisikia.

Nalipoifungua pampu yetu naliona mambo matatu. La kwanza, sumaku ilikuwa na ukoko mweupe, kama ule uliomo ndani ya birika la chai. Ni chokaa. Tulikuwa tukiongeza maji ya kisima, na maji yakikauka chokaa haiendi nayo, husalia. La pili, kijiti cha kauri kilikuwa kimelika upande mmoja. La tatu, kati ya mabawa na ukuta zilikuwamo punje kumi au zaidi za mchanga mweupe, zimekaza kama kabari.

Naliziangalia punje zile kwa muda mrefu. Mawe aliyoyaosha kijana yalikuwa meusi, ya ziwani. Mchanga mweupe ulikuwa wangu. Mimi mwenyewe, kabla ya siku ile wazazi walipotutembelea, nalinunua mfuko wa mchanga ili sanduku lipendeze machoni pa wageni, nikaumwaga majini pampu ikiwa yazunguka. Kijana alinijia mara ya kwanza siku chache tu baada ya hapo.

Naliitia sumaku na kijiti katika siki nusu saa, hata ukoko ukalegea, nikavisugua kwa mswaki wa zamani, nikavisuuza mara nyingi kwa maji safi. Nalijaribiwa kupaka mafuta ya cherehani, nami nashukuru sikufanya hivyo, maana mafuta yangewadhuru samaki waliosalia. Katika pampu hii maji yenyewe ndiyo mafuta yake, na kwa sababu iyo hiyo haifai kuizungusha nje ya maji hata kidogo. Wakati huo wote kijana na wenzake wawili walipokezana kikombe, muda wa saa mbili. Pampu iliporudi kazini walikuwa wameloa hata viwiko, na vitoto 11 vilikuwa hai.

Sumaku mpya na kijiti chake vilifika kutoka mjini baada ya siku nne. Kwa siku zile nne ile ya zamani ilikwaruza kidogo kila usiku, nami nalilala nikiisikia, wala sikuudhika.

Siku ya pili yake nalimwita kijana yule mbele ya darasa. Naliweka punje zile juu ya karatasi nyeusi, nikawaambia wote wasogee waone rangi yake, kisha nikaweka jiwe jeusi kando yake. Hawakuhitaji maelezo. Nikasema, “Nalitenda makosa matatu. Nalimwaga mchanga pampu ikizunguka. Naliambiwa mara mbili nisisikie. Na samaki walipokufa nalimsingizia yeye aliyeniambia.” Nikamwomba radhi. Darasa lilinyamaza, maana si kila siku watoto humsikia mwalimu akisema hivyo. Yule kijana akatazama chini, kisha akauliza, “Mwalimu, nikisikia tena, nije?” Nikamjibu, “Uje, hata ikiwa usiku wa manane.”

Wasomaji wapenzi, twachukia kelele, na ni haki, kwa kuwa zatuchosha. Walakini mimi nalidhani kelele ndizo ugonjwa, kumbe zilikuwa mjumbe wa ugonjwa, nami nalimfunga mjumbe kinywa. Mashine ikibadili sauti yake, fungua uitazame mapema, wakati ingali ni kazi ya siki na mswaki. Na mtoto akija kukuambia ya kuwa kitu kimebadilika, usimcheke mbele ya wenzake. Masikio yake ni mapya kuliko yako, na akichekwa mara mbili, mara ya tatu huenda asije.

Yule wa kwetu alikuja mara ya tatu. Kwa ajili hiyo vipo vitoto 11 katika kioo, na sasa vimekuwa furu wazima, na jike mmoja katika hao, ninapoandika haya, amefumba kinywa wala hali.